Gari Linalokunywa Usingizini

Mizani alizungusha ufunguo, na gari likamjibu neno moja tu: tk. Akazungusha tena. Tk. Mara ya tatu hata hilo tk likakataa, na taa ndogo za dashibodi zikafifia polepole kama macho ya mtoto anayeshindana na usingizi.

"Limekufa," alisema Mwalimu, aliyeketi kando yake.

"Limelala, Mwalimu. Likifa tutaambiwa na fundi."

"Jana jioni mlizima redio?"

"Redio uliing'oa mwenyewe mwezi uliopita. Limebaki tundu."

Mwalimu akalitazama lile tundu kana kwamba ndilo lililoacha kitu wazi. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji ya kunywa. Shule yake ya udereva ilikuwa na vitu vitatu: yeye mwenyewe, gari hili dogo jeupe, na kibao cha bati chenye fremu ya chuma, ambacho kila asubuhi kilipandishwa juu ya paa na kila jioni kikashushwa. Gari lilikuwa na pedali jozi mbili. Za kwanza zilikuwa za mwanafunzi, chini ya usukani. Za pili, klachi na breki, zilikuwa miguuni pa Mwalimu, zimeunganishwa na zile za kwanza kwa fimbo ya chuma, ili mwanafunzi akipotewa na akili, Mwalimu awe na akiba yake mguuni.

Mizani si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mpimaji wa ghala la nafaka. Kwa miaka kumi na saba hakuna gunia lililotoka bila kupita mbele ya macho yake, na watu walikwisha kusahau kwamba ana jina jingine. Magunia aliyoyapima yalikwenda ng'ambo ya daraja, yalikwenda mpaka stesheni ya zamani, yalikwenda kule juu ambako wapagazi walisema asubuhi mtu unaona pumzi yako mwenyewe. Yeye alibaki mlangoni na kalamu sikioni. Kisha mwezi huu dereva wa pikapu ya ghala akastaafu, na Bosi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akamwambia: "Leseni ikiwa mezani kwangu Ijumaa, usukani ni wako. Isipokuwepo, namchukua yule jamaa wa kituo cha mafuta. Mzigo haungoji mtu."

Leo ilikuwa Jumatatu. Mtihani ulikuwa Alhamisi.

Mtahini alifika mjini mara moja kila miezi mitatu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu ya wino mwekundu, na alikuja na sheria iliyowanyima walimu wa udereva usingizi. Kila gari la mtihani lilipelekwa uwanjani jioni ya siku iliyotangulia. Lilikaguliwa, boneti ikabandikwa karatasi yenye muhuri, na gari likalala hapohapo. Walimu walijiletea wenyewe sheria hiyo, kwani zamani walikuwa wakiazimana betri na matairi usiku wa kuamkia mtihani, gari moja zima likavusha wanafunzi wa shule tano. Siku hizi, asubuhi, mtahini alitazama muhuri, akaingia garini, akasema, "Washa." Likiwaka, mtihani umeanza. Lisipowaka, jina linakatwa kwa wino mwekundu na mtu anarudi baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu iliyopita, jina lililokatwa lilikuwa la Mizani. Gari lilikuwa limesema tk.

"Betri hii ina wiki tano," alisema Mwalimu. "Ile ya kabla yake ilikuwa na miezi minne. Siku moja linawaka, siku mbili limekufa. Sasa mtu ufanye nini?"

Mizani alifungua mlango, akashuka. "Tuipime," alisema.

*

Fundi wa umeme wa magari aliitwa Cheche, na jina lilimfaa, maana nyusi zake zilikwisha kuungua zote mbili na moja tu ndiyo iliyokubali kuota tena. Alikuja uani, nyuma ya saluni ya wifi yake Mizani, mahali ambapo gari lililala kila siku likiwa limerudishwa kinyumenyume mpaka karibu liguse ukuta. Akaichomoa betri, akaenda nayo kibandani kwake, akairudisha jioni, Mizani alipotoka kazini.

"Betri haina kosa," alisema. "Mara ya tatu hii mnaniletea maiti, nikiangalia ni mtu mwenye njaa tu. Nimeilisha, imeamka."

"Fundi," Mizani alimuuliza, "inavuja yenyewe, au inaliwa?"

Cheche alijikuna pale ambapo nyusi ilikataa kuota. "Hilo ni swali."

"Ghalani gunia likipungua kuna mambo mawili. Ama lina tundu, ama kuna mtu. Tukilitenga peke yake usiku kucha, asubuhi tunajua ni lipi."

Wifi yake, ambaye alikuwa mlangoni pa saluni na kitana mkononi, alicheka. Alikuwa msusi, na mdomo wake ulifanya kazi haraka kuliko vidole. "Mnaona wifi niliyempata? Kaka yangu alitaka mke, akaletewa mkaguzi."

"Wewe suka, wifi. Kichwa cha mtu kimebaki nusu."

Cheche alifungua waya wa hasi, akauweka pembeni usiguse chochote. Kisha akampa Mizani mita yake, kidude cha manjano chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akamwonyesha namna ya kusoma volti. Kumi na mbili nukta sita. Mizani akaandika kwenye daftari lake, na saa, na siku.

Nyumbani jioni hiyo alikula akiwa na daftari kando ya sahani. Mumewe, ambaye alikuwa fundi wa rangi na siku hiyo alikuwa na ukope mmoja wa bluu, alivumilia mpaka akashindwa.

"Mama Pacha, leo tunakula na betri?"

"Baba Pacha, kula. Kesho asubuhi nitakuambia kama ni tundu au ni mtu."

Kulipokucha, kabla saluni haijafunguliwa, Mizani alikuwa uani ameinama juu ya injini. Aligusisha waya mwekundu, akagusisha mweusi. Namba zikayumba kidogo, zikatulia.

Kumi na mbili nukta sita.

Alisoma mara ya pili, halafu ya tatu. Betri ilikuwa haijapungua hata punje. Kwa hiyo haikuwa na tundu. Ndani ya gari hili, likiwa limefungwa na limenyamaza, kulikuwa na kitu kinachokunywa.

*

Cheche alipofika alikuwa na haraka zake, lakini Mizani alimwonyesha daftari, na fundi akaweka mkoba chini. Kuna watu ambao fumbo huwalevya, naye alikuwa mmoja wao.

"Sasa tunamsaka," alisema. "Tunaweka mita katikati, kati ya waya na betri, ihesabu ampea. Umeme wowote unaotoka lazima upite hapa mbele yetu, kama magunia yako mlangoni. Kisha tunachomoa fyuzi mojamoja. Fyuzi ambayo ukiichomoa namba inaanguka, huko ndiko aliko mnywaji."

Sanduku la fyuzi lilikuwa chini kabisa, upande wa Mwalimu, nyuma ya pedali zake. Mwalimu alifungua mlango, akatoa vitu vyake, akampisha fundi, naye Cheche akajikunja humo miguu ikiwa nje. Mizani alibaki mbele na mita.

"Inasema ngapi?" sauti ya Cheche ilitoka chini ya dashibodi.

"Sifuri nukta sifuri mbili."

"Hiyo ni saa tu. Saa ya dashibodi. Ngoja." Akachomoa fyuzi. "Sasa?"

"Ileile."

"Sasa?"

"Ileile."

Walizimaliza fyuzi zote kumi na nne. Namba haikutikisika ila ilipochomolewa ile ya saa. Cheche alitoka, akakaa chini, akajipangusa uso kwa mkono wenye grisi.

"Betri haina kosa," alisema. "Gari halina kosa. Tumebaki mimi na nyinyi."

"Mimi nilishasema," Mwalimu alihutubia. "Ni wanafunzi. Wanashikashika. Mtu anagusa hiki, anavuta kile."

"Mwalimu, usiku wanafunzi wako kwao," alisema Mizani, kwa heshima.

"Basi wanaacha mikosi yao ndani."

Wifi hakuweza kujizuia. "Mikosi haitumii umeme, Mwalimu. Ingekuwa hivyo saluni yangu ingeshaungua."

Cheche alilazimika kuondoka, lakini mita aliiacha. Alimwambia Mizani, kando, kwamba dawa ya haraka ilikuwa kufungua waya kila jioni. Wote wawili walijua haikuwa dawa ya Jumatano. Jumatano boneti ingekuwa chini ya muhuri, na ndani yake gari lingekunywa mpaka asubuhi.

*

Mizani alikwenda kazini akiwa na zile namba kichwani. Kumi na mbili nukta sita. Sifuri nukta sifuri mbili. Kila moja ilikuwa kweli, na zote pamoja zilikuwa uongo. Kitu kinachomaliza betri usiku mmoja hakiwezi kunywa kama saa ya dashibodi. Saa ingehitaji miezi.

Saa kumi kasoro robo lori lilikuwa likishusha mahindi. Mpagazi mmoja, mgeni kwenye kazi, alitua gunia karibu na mizani, akalipigapiga kutoa vumbi, akalikung'uta mara mbili, ndipo akalipandisha.

"Rudisha," alisema Mizani.

"Mama, nimelisafisha tu."

"Ndiyo maana nasema rudisha, ulete jingine. Hapa mzigo unapimwa kama ulivyokuja. Ukishaupangusa, unapima mzigo mwingine."

Alisema hivyo kama alivyosema mara elfu kumi katika miaka kumi na saba. Safari hii maneno yalimrudia masikioni, naye akabaki na kalamu hewani.

Tumelipangusa, aliwaza. Asubuhi tumelipangusa gari, ndipo tukalipima.

Mpagazi alimwona mpimaji, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiacha kituo chake mzigo ukiwa bado unashuka, akivua aproni. Bosi mwenyewe alitoa kichwa dirishani.

"Vipi, mgonjwa?"

"Mzima, Bosi. Naomba leo niondoke saa kumi."

Bosi alitazama saa, akamtazama mwanamke ambaye hakuwahi kuomba hata nusu saa. "Nenda," alisema. "Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

*

Alimkuta Mwalimu anamalizia somo la mwisho. Mizani hakusema aliyokuwa akiyawaza. Mtu ukimwambia unamwangalia, hatembei tena kama anavyotembea, hata gunia lingekuwa na akili lingejikaza juu ya mizani. Aliomba jambo moja tu.

"Mwalimu, ukifunga leo, fanya kila kitu kama unavyofanya siku zote. Boneti tu ndiyo usiibane."

"Na nikishafunga?"

"Nenda nyumbani ukapumzike."

Akakaa kwenye kizingiti cha saluni na daftari magotini. Mwalimu alirudisha gari kinyumenyume mpaka likabaki upana wa kiganja kati ya bampa na ukuta. Mizani akaandika. Mwalimu akazima injini. Akaandika. Akavuta breki ya mkono, akapandisha vioo. Akashuka, akafungua kulabu nne, akashusha kibao kutoka kwenye paa. Akafungua mlango wa upande wake, akakiingiza kibao chini, miguuni, kwa wima kidogo, maana viti vya nyuma hakutaka vichafuliwe. Akafunga mlango kwa kiuno. Akajaribu vitasa vyote vinne. Akaenda zake, funguo zikilia mfukoni.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa za mabati na ua ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Wifi alimaliza kichwa cha mwisho, akatoka akijinyoosha mgongo.

"Tunafanya nini?"

"Tunalipima kama lilivyokuja. Usiguse mlango wala kioo."

Mizani aliinua boneti taratibu, kama mtu anayefunua chandarua cha mtoto. Alifungua waya wa hasi, akaweka mita katikati kama alivyofundishwa, nyekundu huku, nyeusi kule. Akatazama.

Nne nukta sita.

Hakuamini. Alitoa nyaya, akazipangusa kwa kanga, akazirudisha. Nne nukta sita. Gari lilikuwa limefungwa, funguo zimeshafika mtaa wa pili mfukoni mwa mwenyewe, injini imenyamaza, na lilikuwa linakunywa mara mia mbili na thelathini ya lilivyokunywa asubuhi.

"Wifi," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Yumo. Yumo ndani sasa hivi."

"Nani yumo?" Wifi alirudi hatua mbili nyuma.

"Mnywaji. Zunguka. Angalia kila mahali, ila usiguse."

Wifi alizunguka. Alichungulia chini, akachungulia madirishani, akapita ubavuni akijibana, akafika nyuma. Huko akanyamaza. Wifi kunyamaza lilikuwa jambo la kuandikwa daftarini.

"Wifi?"

"Njoo uone," alisema. "Huu ukuta unaona haya."

Mizani alifika mbio. Kwenye ule upana wa kiganja, kati ya bampa na matofali, ukuta ulikuwa mwekundu. Mwekundu wa kweli, madoa mawili yaliyoiva, moja kila upande. Taa za breki. Zilikuwa zinawaka zikitazamana na matofali, mahali ambapo hakuna jicho la mtu lililowahi kuwa na sababu ya kufika.

"Nani kakanyaga breki?" Wifi alinong'ona.

Walikimbilia dirishani, wakagongana vichwa. Kule chini, kibao kilikuwa kimesimama kwa ubavu, na kona ya fremu yake ya chuma ilikuwa imekalia pedali ya Mwalimu kama mwenye nyumba. Si kwa nguvu. Kwa uzito wake tu, kidole kimoja hivi. Lakini taa ya breki haiulizi umekanyaga kwa nguvu gani.

Sasa Mizani aliyaona yote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi kila mtu anayetaka kuingia kwenye hili gari, awe fundi, awe mwalimu, awe mwanafunzi, kitu cha kwanza anachofanya ni kutoa kibao. Mwizi alikuwa anasindikizwa nje kwa heshima kabla ya askari kuitwa. Na siku ambazo kibao kilitua vizuri, gari liliwaka.

"Tulitikise," alisema.

"Umesema tusiguse."

"Nimeshapima. Sasa tikisa, wifi. Kaa hapo kwenye kona ulitikise kama unamtafutia kaka yako ugomvi."

Wifi alikalia ukingo wa gari, akalisukuma kwa nyonga. Gari likayumba. Mizani alikuwa mbele, macho kwenye mita. Nne nukta sita. Wifi akasukuma tena. Nne nukta sita. Mara ya tatu kulisikika kishindo kidogo ndani, bati likiteleza juu ya bati, na namba ikaanguka kama mtu aliyekatiwa kamba.

Sifuri nukta sifuri mbili.

Kule nyuma ukuta ulikuwa umerudi kuwa ukuta. Wawili hao walishikana mikono wakarukaruka uani kama wasichana wanaoruka kamba, mmoja na miaka arobaini na miwili, mwingine hasemi, mpaka mteja aliyesahau mkoba wake alipoingia akasimama kuwatazama, akauchukua, akatoka bila kuuliza.

*

Mwalimu aliitwa, akaja na kandambili. Mizani alimweleza polepole, bila kunyoosha kidole, akianza na daftari na kuishia na mita. Alimwomba aweke kibao mwenyewe. Mwalimu akakiweka, akaenda nyuma kutazama. Akarudi, akakiondoa, akaenda tena. Alifanya hivyo mara tatu, na kila mara alirudi mfupi kidogo.

"Miaka ishirini na miwili," alisema hatimaye, bila sauti ya kuhutubia, "nawaambia wanafunzi jambo lilelile kila siku ya Mungu. Mguu usikae juu ya breki kama huna haja nayo."

"Wewe hukuweka mguu," alisema Mizani.

"Nilimweka naibu," alisema Mwalimu.

Wifi alikuwa na la kusema, ilionekana wazi lilikuwa tamu, lakini Mizani alimtazama na akalimeza. Lililomponyoka lilikuwa dogo tu: "Ile redio ilikuwa nzuri."

"Nitairudisha," alisema Mwalimu. Kisha akamgeukia Mizani. "Mwanangu, mara ile mtahini alipokata jina lako nilikuambia umeacha kitu kinawaka. Mbele za watu. Nilikosea."

"Yamekwisha, Mwalimu."

"Hayajaisha. Yataisha Alhamisi."

*

Jumatano jioni walilipeleka gari uwanjani. Magari tisa yalipangwa mstari mmoja, mikia ukutani. Karani wa mtahini alikagua matairi, taa, honi, akabandika karatasi kwenye boneti, akaipiga muhuri kwa mapigo mawili. Mwalimu alikuwa ameshakiweka kibao kwapani aende nacho nyumbani.

"Hicho kinaenda wapi?" aliuliza karani.

"Kwangu."

"Kimo kwenye orodha ya vifaa vya gari. Kinalala ndani."

Mwalimu alifungua kinywa kuhutubia, lakini Mizani alimwahi. "Sawa, afande, kitalala ndani," alisema, akafungua mlango wa nyuma. Alikilaza kibao kwenye kiti kirefu, kifudifudi, akapitisha mkanda wa usalama juu yake, akaubana mpaka ukalia.

"Hata kibao?" karani aliuliza.

"Huyo ndiye abiria mbaya kuliko wote," alisema Wifi, aliyekuja kusindikiza.

Mizani alipita nyuma ya magari, akajibana, akaweka kiganja chake kati ya taa na ukuta. Hakuona wekundu. Akahamia taa ya pili. Hapo napo giza. Alirudi kuhakikisha mara mbili, halafu karani akawafukuza wote, akafunga geti.

Usiku ule alisikia kila jogoo. Mumewe alimwambia alale, na yeye akamwambia analala, na wote wawili walijua.

*

"Washa," alisema mtahini.

Muhuri ulikuwa mzima. Mizani alikuwa ameshajifunga mkanda, ameshatazama vioo, ameshahakikisha gia iko huru. Mwalimu na Wifi walikuwa kwenye waya wa uzio, vidole vimepenya kwenye matundu. Alizungusha ufunguo.

Gari liliwaka kabla hajamaliza kuuzungusha, kwa mngurumo wa mtu aliyelala akashiba. Kule kwenye uzio mtu alipiga kelele, na haikuwa Wifi.

"Zima," alisema mtahini. "Washa. Zima. Washa. Twende."

Wakaenda. Alipita mzunguko, akapita soko la mbao, akasimama penye watoto wa shule, akarudisha gari kinyumenyume kati ya mapipa mawili bila kuyagusa. Kisha mtahini akaonyesha kwa kalamu barabara ya mlimani. Katikati ya mlima alimwambia asimame. Nyuma yao lori la mchanga likasimama pia, karibu mno, likipumua.

"Ondoka."

Aliachia klachi haraka, nusu sekunde tu ya haraka, na injini ikazimika.

Lori likapiga honi. Mtahini alitazama mbele, kalamu ikiwa tayari. Wiki moja nyuma hapo ndipo hadithi ingekufa, mlimani, kwa tk moja. Mizani alikanyaga breki, akavuta ya mkono, akarudisha gia, akazungusha ufunguo. Injini ikaitika. Alisikiliza klachi mpaka gari likainua pua, akaachia breki ya mkono, wakapanda, lori likibaki chini na honi yake.

Uwanjani mtahini aliandika kwa muda mrefu. Mwalimu alikuwa amesogea mpaka dirishani.

"Umezimika mlimani," alisema mtahini.

"Ndiyo."

"Kuzimika ni kwa kila mtu. Naangalia mtu anafanya nini baada ya hapo." Akageuza ukurasa. "Hapa naona mara ya mwisho gari hili halikuwaka kabisa. Kosa lilikuwa nini?"

Mizani alisita. "Kuna taa ilikuwa inabaki inawaka. Tumeishughulikia."

"Niliiacha mimi," alisema Mwalimu dirishani, kwa sauti yake yote, watahiniwa wengine wote wakageuka. "Mimi mwalimu wake. Yeye ndiye aliyeitafuta akaipata. Andika hivyo."

Mtahini alimtazama juu ya miwani. "Sina nafasi ya kuandika hivyo," alisema, akapiga muhuri, akamkabidhi Mizani karatasi ya leseni.

Hakungoja pongezi. Wifi alimkumbatia huku anakimbia, Mwalimu akampa mkono huku anakimbia, na alipokata kona ya ghala kanga ilikuwa imemshuka mabegani na karatasi aliibana kifuani kwa mikono miwili. Pikapu ilikuwa mlangoni imepakiwa magunia ishirini na nne. Dereva wa kibarua alikuwa bado hajafika. Bosi alichukua karatasi, akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma ambako hapakuandikwa kitu.

"Vizuri," alisema. "Utaanza Jumatatu."

"Huu mzigo unakwenda wapi, Bosi?"

"Kule juu."

"Jumatatu ni mbali," alisema Mizani, akanyoosha kiganja.

Bosi alifikiri kidogo, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo.